Matunda ya Baba

Mama hawezi tena kutembea mbali, magoti yamekataa, kwa hivyo sahani niliibeba mimi. Nilitoka nayo Kawangware asubuhi nikiwa nimeifunga kwa leso. Ndani mlikuwa na njugu karanga alizozikaanga mwenyewe, ameketi kwenye stuli mlangoni, na juu nilifunika ile tabaga, kile kifuniko cha kusuka cha nyekundu na kijani ambacho akina mama wa Kinubi hufunikia chakula. Rangi zimefifia, na ukingo mmoja panya ameutafuna.

"Enda uwarudishie," Mama aliniambia. "Sahani ya watu imekaa kwangu mpaka naona haya kufa nayo."

Nikamwambia hao watu sijui hata kama bado wako.

"Nimekuuliza kama wako? Nimekwambia uende."

Basi nikaenda. Wewe uliyeijua Kambi Muru ya zamani, kule Kibera, usiende kama huna kazi huko. Nilitafuta ile njia yetu ya kuingilia, yenye mtaro upande mmoja na ukuta wa udongo upande mwingine, nikakuta barabara. Barabara pana ya lami, magari yanapita mahali tulipokuwa tunalala. Nilisimama kando na sahani yangu nikijaribu kupima kwa macho, hapa labda palikuwa jiko la Mama, pale labda baraza la Habuba, mwenye nyumba wetu. Sina hakika. Vijana wa pikipiki waliniuliza, "Mathe, tukupeleke wapi?" nikawapungia mkono wapite.

Baba yangu alikuwa mmishonari. Najua ukisikia neno hilo unaona mzungu, gari kubwa na peremende za watoto. Baba alikuwa Mluhya wa Magharibi mwa Kenya, mwenye suti moja ya kahawia na viatu vilivyoshonwa na kushonwa tena. Alitumwa na kanisa letu la nyumbani, kanisa la kuta za udongo ambalo sadaka yake nyingi ilikuwa mayai ya wajane yanayouzwa sokoni. Walitaka mtu wa kuhubiri kwa Waislamu. Nchi za Waislamu zilikuwa mbali na nauli hawakuwa nayo, ndipo mtu mmoja akawaambia kwani mnahangaikia nini, hata Nairobi wako, wako Kibera, tena walikuwa huko kabla yetu sote. Wakamleta Kambi Muru pamoja na Mama na sisi watoto. Kanisa ndilo lililolipa kodi ya chumba na kutuma kitu kidogo cha unga.

Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kinubi. Habuba ni nyanya kwa lugha yao, na ploti nzima ilimwita hivyo, Mnubi na mpangaji. Ua ulikuwa wa udongo uliofagiliwa mpaka unang'aa. Alikaa barazani kwake akisuka hizo tabaga, miguu ameinyoosha, na ndugu yake, mzee wa kofia nyeupe tuliyemwita Babu, alikaa kwenye benchi upande wa pili akinywa kahawa ya tangawizi. Sitaki kumfanya Habuba malaika. Tukichelewa kufagia ua alitufungia mfereji, na Mama akachukua jerikeni akapanga foleni mbali huku akinung'unika Kiluhya chini kwa chini. Wala sitaki kumfanya Baba mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu, na kuna siku nilimsikia akiwaita majirani watu wa shingo ngumu.

Sasa kazi yenyewe. Shuleni niliulizwa baba yako anafanya kazi gani, nikasema anatembea. Nilivyoona mimi, ndiyo ilikuwa kazi. Alfajiri adhana ilimwamsha, naye akasema Mungu amempa saa ya bure isiyotaka betri, akapiga magoti kando ya kitanda. Halafu aliweka Biblia kwenye karatasi ya nailoni ya mkate, akatoka. Aliingia nyumba moja akakaa, akaingia nyingine akakaa. Penye mtoto mwenye homa alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Bomba likipasuka, yeye ndiye alikuwa kwenye mtaro na suruali ameikunja. Kukiwa na msiba alisimama nje ya msikiti na wanaume wengine, mikono nyuma, akisubiri jeneza litoke ili naye atie bega. Na kila alipokwenda alipewa chai. Alitoka na chai ya Mama tumboni, akarudi jioni na chai ya watu wote. Miguu imevimba, anaikanda kwa maji ya chumvi kwenye beseni, na Mama anamwangalia.

"Wewe ulitumwa uvue watu," Mama alimwambia, "na wao kila siku wanakuvua kwa chai."

Kubwa kuliko yote lilikuwa benchi la Babu. Hapo Baba alifika kila Alhamisi kama mtu anayeenda kliniki.

"Padri," Babu alianza. Baba alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba yeye si padri, ana mke na watoto kama wanavyoona, lakini jina lilishika. "Padri, leo ni zamu ya nani kumbadilisha mwenzake?"

"Leo ni yangu."

"Haya, kaa. Utaanza chai ikifika."

Wakabishana mpaka kivuli kikafika ukutani. Babu alisema wao wanamheshimu Isa kuliko sisi, kwa sababu wao hawamwimbii na gitaa. Baba akasema kumheshimu si kumfuata. Maneno yalikuwa yale yale, wiki baada ya wiki, hata mimi niliyekuwa nasugua sufuria kwa majivu hapo karibu ningeweza kuyamalizia. Wakichoka walizungumza habari za meno. Nilikuwa mtoto, labda nakosea, lakini nafikiri hakuna mtu Baba alimpenda Nairobi hii kama yule mzee aliyeshindwa kumbadilisha.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika, jua likizama tu, sahani zilianza kutembea. Unaona mtoto anavuka ua na sahani iliyofunikwa tabaga, haikimbizi, anaenda kama amebeba yai. Ndani mlikuwa na gurusa, zile chapati zao nyepesi, au maharagwe ya nazi, au tambi tamu. Sisi tulikuwa Wakristo na hatukufunga, lakini yetu ilikuja pia. Na sahani hairudishwi tupu, hiyo ilikuwa kama sheria ya ploti. Shida ya Mama ilikuwa atie nini. Mara ya kwanza aliweka mapaja ya kuku, kitoweo kizuri kabisa, kuku aliyechinjwa na Baba. Habuba aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na baadaye mjukuu wake, aliyekuwa rafiki yangu, akaniambia nyuma ya choo, "Wee, ile nyama yenu tulipatia paka. Usiambie mathako." Nilimwambia Mama, nitaachaje? Kutoka hapo sahani za Habuba zilirudi na vitu visivyopitia kisu: viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha, njugu, ndizi. Mama aliviita hivyo hivyo, visivyopitia kisu.

Naye Baba akajifunza lake. Siku kubwa zetu, Pasaka na Krismasi, alimpelekea Babu jogoo. Babu alielekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja, Mama akapika, na ua mzima ukala pamoja kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyelisemea jambo hilo. Ilikuwa tu ndivyo tunavyofanya.

Halafu shangazi mmoja alikuja kutoka nyumbani na ujumbe wa kanisa. Wazee watakuja Krismasi. Wamengoja sana, wanataka kuona matunda. Yakionekana, kazi itaendelea. Yasipoonekana, kanisa litaacha kulipa.

Wewe Mkristo mwenzangu unajua matunda maana yake nini: watu waliookoka, wasimame waonekane. Baba hakuwa na mtu hata mmoja. Aliwahi kupata kijana mmoja aliyekuja kusoma naye Biblia majira ya mvua. Mvua ilipoisha naye akaisha.

Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, kwa hivyo kila kitu tulisikia.

"Utawaonyesha nini?" Mama aliuliza.

"Nitawaonyesha watu."

"Watu wa nani?"

Nilisikia tu beseni la maji ya chumvi likisogezwa. Hata mimi nilielewa kwamba wazee wakirudi bila kitu, chumba kimekwenda, shule imekwenda, na Baba, ambaye mikono yake haikuwa na ufundi wowote, hajui aanzie wapi. Siku hizo aliacha kumaliza chakula.

Alikuwa na rafiki mmoja mtaa wa Laini Saba, fundi wa viatu, Mjaluo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Nilikuwa nimepeleka kiatu changu pamoja na Baba, na Baba akamwambia shida yake. Fundi hakuinua hata kichwa, misumari iko mdomoni.

"Omera, Mwinjilisti, hii ni shida ndogo. Vijana ni wengi hapa kwa reli. Tunawavalisha kanzu na kofia asubuhi, saa sita wanaokoka, saa saba wanakula. Wazee wako wanarudi na furaha."

"Na wakiulizwa majina?"

"Abdalla."

"Wote?"

"Kwani Abdalla ni mmoja?"

Baba alicheka mpaka akashika mlingoti wa kibanda. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo miezi mingi. Halafu kicheko kikakatika, akasema pole pole, "Unajua, fundi, nimefikiria kidogo." Fundi akatoa misumari mdomoni, akamtazama, akampa kiatu changu.

Siku moja nilikuwa nachagua mchele na Habuba barazani. Yeye anapeta, mimi natoa mawe.

"Mbona Padri siku hizi amekonda?" akaniuliza.

"Kuna wageni wanakuja Krismasi kuona matunda ya Baba," nikasema. "Na hana hata moja."

"Matunda?"

"Eeh. Na wasipoyaona, tunahama."

Akapeta. Pumba zikaruka, kuku wakakimbilia. "Wanatoka mbali hivyo kuja kuona matunda?"

"Eeh."

"Kwani kwenu hakuna miti?"

Nikasema ipo. Akaniambia niangalie mawe, nisije nikamvunja mtu jino, na hatukulizungumza tena.

Wazee walifika asubuhi ya Krismasi, macho mekundu kwa safari ya basi. Walikuwa wawili, mwenyekiti wa kanisa, mtu mrefu mpole wa koti refu, na mama mmoja aliyeongoza kikundi cha akina mama. Walibeba jogoo ndani ya kikapu, vichwa nje, jogoo waliotolewa na wale wajane wa mayai. Kwetu mtu akikutolea jogoo amekutolea heshima yake yote. Mama aliwapokea akilia. Habuba na majirani walikuja kuwasalimia wageni mmoja mmoja, mkeka umetandikwa uani, kwaya ya mbali inasikika kutoka upande wa Laini Saba. Baba aliwatoa jogoo kikapuni, akawashika miguu, akaanza kuvuka ua kuelekea benchi la Babu. Kwa mazoea tu, nafikiri. Au labda si mazoea. Nimeligeuza jambo hili maisha yangu yote.

"Unawapeleka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa mzee pale. Ndiye hutuchinjia."

"Yule wa kofia?"

"Ndiye."

Mwenyekiti alisimama. Hakupaza sauti. "Mwinjilisti, hawa ni jogoo wa wajane. Ni wa Krismasi. Na wewe mikono unayo."

"Nikichinja mimi, majirani hawatakula."

"Akichinja yeye, sisi hatutakula. Na si mimi nimeitunga hiyo. Ni wewe ulitufundisha, kabla hujaja huku. Ulisimama mbele ya kanisa ukasema nyama iliyosomewa dua nyingine tusiile."

"Nilifundisha," Baba akasema. "Ni kweli."

"Sasa?"

"Sitaki chakula kimkwaze ndugu yangu."

"Na mimi si ndugu yako?"

Jogoo wananing'inia vichwa chini, wanafungua midomo. Nakumbuka Mama alikuwa ameshika mwiko, hajui autie kwenye sufuria gani. Ndipo Babu akainuka kwenye benchi lake, na magoti yake yakalia.

"Padri, chinja wewe," akasema. "Wageni ni wageni. Sisi tutakunywa chai. Chai haina kisu."

Ulikuwa mlango, unaona. Babu alikuwa amemfungulia Baba mlango apite bila aibu, chumba kibaki, shule ibaki, majirani wasikasirike. Nilitaka apite. Nilikuwa mtoto wa shule na nilitaka apite, sitadanganya.

Baba alimtazama Babu muda mrefu. Uso wake ulikuwa umechoka mpaka ukawa kama wa mtu anayetaka kulala.

"Nimekunywa chai yenu miaka yote hii," akasema. Akamgeukia mwenyekiti. "Mlisema mnataka kuona. Mimi kazi yangu ni hii. Sina nyingine ya kuwaonyesha." Akamnyooshea Babu wale jogoo, na kisu.

Babu hakuvipokea upesi. "Mgeni, unaniruhusu?" akamwuliza mwenyekiti.

"Fanya kazi yako, mzee," mwenyekiti akasema, akaketi.

Chakula kilipoiva, Mama alifanya kama tulivyolelewa. Firigisi, ile sehemu ya heshima, akaiweka kwenye sahani ya mwenyekiti. Mwenyekiti akaisogeza kidogo kwa kidole, kwa adabu, kama mtu anayeondoa kikombe kisimwagike. Hata mboga zilikuwa zimepikwa kwa ule mchuzi. Majirani nao, kuona wageni hawali, mikono yao ikabaki magotini. Jua linawaka, nyama inapoa, inzi wanakuja. Baba aliangalia mkeka. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wenye njaa wakiwa na adabu namna ile.

Habuba aliinuka, akaingia kwake. Akatoka yeye na mjukuu wake wamebeba beseni kubwa la kufulia, limefunikwa tabaga yake bora kuliko zote. Wakalishusha mbele ya wageni.

"Nimeambiwa mmetoka mbali kuja kuona matunda ya Padri," akasema. "Haya hapa. Tumechanga ploti nzima." Akafunua.

Maembe. Machungwa. Ndizi. Mapapai mazima, mapera, hata nanasi na kichwa chake. Yamepangwa kama ya kuuza soko la Toi, yameoshwa, yanatoa maji.

"Hayajapitia kisu cha mtu," Habuba akasema.

Yule mama aliyekuja na mwenyekiti aliangua kicheko. Alicheka mpaka akafunika uso kwa leso, na alipoutoa alikuwa analia, akachukua embe, akaliuma na maganda yake. Mwenyekiti alikaa akilitazama beseni. Mwishowe akachukua chungwa, akalimenya kwa vidole, pole pole, akala kipande kimoja kimoja. Akachukua lingine. Ndipo majirani nao wakanawa mikono, wakala kuku.

"Huyu mwinjilisti mnampenda?" mwenyekiti akauliza, akimwelekea Babu.

"Anabisha sana," Babu akasema, mdomo umejaa. "Lakini ni wetu."

"Kuna hata mmoja wenu ameamini?"

Habuba alichagua embe lililoiva vizuri, akaliweka mbele yake. "Kula, mgeni," akasema.

Wengi niliowasimulia huniuliza kama Habuba alikuwa hajaelewa, au alielewa kila kitu. Sijui. Alikuwa amekaa na Wakristo nusu ya maisha yake, wapangaji wanaimba na kushuhudia ukutani kwake kila jioni, na neno kama hilo hawezi kuwa hajalisikia. Halafu nakumbuka alivyouliza kama kwetu hakuna miti, na uso wake haukuwa na mzaha. Mimi nilifika darasa la nane tu, siwezi kuamua.

Walilala kwetu, wakaondoka kesho yake. Niliwasindikiza na Baba mpaka nje ya lango. Mwenyekiti alimshika Baba mkono hakuuachia.

"Nitawaambia nini wale wajane? Niwaambie nilikula chungwa?"

"Waambie hivyo," Baba akasema.

Sitaki umwone mwenyekiti kuwa mtu mbaya. Yale mayai yalikuwa ya watu wenye njaa kama yetu, na yeye ndiye aliyetazamana nao machoni. Kufika Pasaka, kodi haikuja. Habuba alimwambia Baba akae, nyumba haitakimbia, lakini Baba hakuweza kulala bure kwa watu aliotumwa kuwahubiria. Tuliondoka na mkokoteni, magodoro juu, Mama amebeba jiko. Langoni Habuba akatupa sahani ya gurusa imefunikwa tabaga. "Mtairudisha mkija kututembelea," akasema. Babu alibaki kwenye benchi, akainua tu kikombe chake cha kahawa.

Hatukwenda kuwatembelea. Hapana sababu kubwa. Kawangware na Kibera si mbali, kila mtu anajua. Mwanzoni haya, halafu kazi, halafu ugonjwa, halafu miaka. Kila tulipotaka kwenda, hapakuwa na kitu kizuri cha kutia kwenye sahani.

Baba alipata kazi ya kulinda geti huko Lavington. Jumapili alifundisha watoto kanisani, Kawangware ambako kila mtaa una makanisa na kila mtu ameokoka au anasema ameokoka. Wakati mwingine alikaa nje jioni na chai yake akiangalia watu wakipita. "Huku hakuna mtu wa kunibishia," alisema. Krismasi tulinunua nyama buchari, kwa kilo, imekatwa tayari. Alikufa bila kumpata hata mtu mmoja wa Kambi Muru. Siku za mwisho aliuliza kama ni Alhamisi.

Basi nikiwa pale kando ya lami na sahani yangu, mama mmoja anayeuza maji alisikia ninamtafuta nani, akaninyooshea kidole kuelekea mtaa wa Lindi. Nikauliza, nikaelekezwa, nikapotea, nikafika. Nilimkuta mjukuu wa Habuba kwenye kibanda, anakaanga mahamri, buibui ameifunga kiunoni isiguse mafuta. Amenenepa, nami nimenenepa. Alinitazama, akatazama tabaga kabla hajatazama uso wangu vizuri.

"Mtoto wa Padri!"

"Niaje."

"Niaje gani, na uzee huu!" Tukacheka, tukashikana, mahamri yakaanza kuungua.

Alinivutia kreti nikakaa. Habuba alikufa kabla barabara haijafika, akasema, na hiyo ni bahati yake. Babu alimtangulia. Ua, baraza, benchi, vyote vilikwenda siku moja. Sasa mjukuu wa mwenye nyumba ni mpangaji, ana chumba kimoja na pazia katikati. Alinieleza bila kulalamika, anageuza mahamri. Nikampa sahani. Akafunua tabaga, akaona njugu.

"Hazijapitia kisu," nikasema.

"Mathako bado anaogopa ile nyama ya paka!" Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye unga. Halafu akasema, "Unajua kila Krismasi Habuba alikuwa anauliza? Tukisikia kwaya tu, anauliza, 'Siku hizi ni nani anamchinjia Padri jogoo?' Kila mwaka. Mpaka ule wa mwisho."

Nilitaka kumjibu. Nikafikiria kilo za buchari, nikachukua kijiko nikamgeuzia mahamri.

Wateja walikuja, wakaenda. Adhana ilisikika mahali fulani nyuma ya honi na muziki wa maduka, nyembamba, si ile ya kumwamsha mtu. Nikamwambia lazima nirudi, Mama yuko peke yake. Akamwaga njugu kwenye sufuria, akaiosha sahani, akaipangusa kwa leso yake, akasimama akitazama huku na huku ndani ya kibanda. Mahamri yalikuwa yameisha. Akainama chini ya meza, akatoa embe, moja tu, nafikiri lilikuwa lake la jioni. Akaliweka katikati ya sahani, akafunika na tabaga.

"Mpelekee Mama," akasema. "Lakini sahani ni yetu, utairudisha."

Nilivuka ile barabara nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, pole pole, kama tulivyokuwa tunavuka ua.